Kabla hujasema gridi inaweza kuongezewa megawati ngapi

Vijana wengi wanaoanza kazi ya mipango ya gridi, yaani mtandao wa laini kubwa za umeme, ukiwauliza hapa tunaweza kupitisha umeme kiasi gani zaidi, wanachukua uwezo wa laini wanatoa mzigo uliopo, basi wamemaliza. Hapana jamani. Chukua ile laini ya kV (kilovolti) 400 ya Isinya mpaka Singida inayounganisha Kenya na Tanzania, imejengwa kwa megawati 2,000 sawa, ila umeme ukishafika Singida unagawanyika kwenye laini zote zilizoungwa pale na umeme wenyewe hauujui kabisa mkataba wako.

Mimi naanza na swali moja tu, ikitripu, yaani ikijikata ghafla, laini moja sasa hivi, umeme wake nani ataubeba? Tuseme una laini mbili za kV 220 zinakwenda upande mmoja, na pembeni kuna ya zamani ya kV 132 ambayo mwisho wake ni kubeba MW (megawati) 80. Kata moja ya 220 kwenye modeli ya kompyuta. Ile ya zamani inapanda hadi MW 60, na kila MW 100 unazoongeza, 10 zinapita humo. Imebakiza 20, kwa hiyo unaongeza 200 tu halafu basi, hata kama ile 220 iliyobaki bado inapumua. Ndo maana nasema tafuta kikongwe kwanza, yule ndo anaamua.

Hapo ni joto la waya peke yake. Laini fupi kweli joto ndo linaikwamisha, lakini zikiwa ndefu, kilomita mia tano hivi, volteji inaanza kuanguka au jenereta za pande mbili zinashindwa kwenda pamoja kabla waya haujapata moto wowote, kwa hiyo pima vyote vitatu uchukue kilicho kidogo.

Sasa kwenye zile 200 toa akiba, maana makadirio ya mzigo hayajawahi kuwa sawasawa na siku yenyewe, tuseme 30. Wamarekani kupitia NERC, shirika lao la kusimamia uimara wa gridi, waliiandika hesabu hii rasmi 1996, na wao wanatenga pia akiba ya kuvuta umeme wa dharura kwa jirani mitambo ikilala. Halafu toa nafasi iliyokwisha kuuzwa, na hapa angalieni sana: ile ambayo tayari inatembea kwenye modeli usiitoe tena, ukiitoa unaikata mara mbili. Toa ile iliyouzwa ila haijaanza kupita. Kama ni 50, unabaki na 120.

Na hiyo 120 ni ya saa hiyo na upande huo. Kutoka kaskazini kwenda kusini saa moja jioni ni hesabu moja, kurudi kinyume saa tisa usiku ni nyingine kabisa, na mtu akizima transfoma kwa matengenezo unaanza upya. Kwa hiyo ukimpa bosi namba mwandikie pembeni saa ngapi, kwenda wapi na laini ipi ndo iliyobana, maana atakuuliza tu.