Somoe Ana Watoto Wangapi? Uliza, Mjomba Akujibu

Mjomba shikamoo. Mimi ni kijana wa Chikongola hapa Mtwara mjini, tuko wanne tunaandika tamthilia inarushwa na kituo kimoja cha huku kusini, tumefika sehemu ya 23. Tunagawana, kila mtu na sehemu zake, afu zikienda hewani watu wanatucheka. Sehemu ya 3 mhusika wetu Somoe alisema ana watoto wawili, sehemu ya 14 anaye mmoja, juzi kaingia binti wa kidato cha pili anamuita mama, mimi mwenyewe simjui katokea wapi. Mama ntilie mmoja pale stendi kaniuliza "kwani nyie mnaandika mkiwa mmelala?" Nasikia wenzetu wa Marekani wana kitabu cha mwongozo kila tamthilia. Ndani kinakuwa na nini? Na sisi tusio na hata ofisi tunakiweza?

Marahaba njomba. Kwanza msalimie huyo mama ntilie, mtazamaji wa namna hiyo ni mali, wengine wakiona mambo hayaeleweki wanahamisha chaneli kimya kimya na hutawajua.

Usione aibu, hata wakubwa yamewakuta. Star Trek ya Marekani, ile ya anga za juu iliyoanza 1966, kwenye sehemu mojawapo ya mwanzo kabisa kapteni anachongewa kaburi akiwa bado hai, jiwe limeandikwa James R. Kirk, baadaye tamthilia nzima anaitwa James T. Kirk. Herufi moja tu, na watu wanaikumbusha mpaka leo. Na kabla ya televisheni, Conan Doyle kitabu cha 1887 alisema Daktari Watson alipigwa risasi begani, kile cha 1890 jeraha limeshuka mguuni, na hapo mwandishi ni mmoja, sembuse nyie wanne.

Sasa hicho kitabu. Wenyewe wanakiita biblia ya kipindi, kina kazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kumfundisha mwandishi mgeni tamthilia hii ni ya namna gani, watu wake wanaongeaje, nini hakifanyiki humu hata kama kingependeza. Ya pili ni kumbukumbu, yaani kilichokwisha kwenda hewani kimeandikwa mahali na sasa ni sheria. Wengi wakiamua kutengeneza mwongozo wanakimbilia ile ya kwanza kwa sababu ni tamu, wanaandika kurasa 40 za falsafa, wanaprinti na jalada la plastiki, wakifika sehemu ya 5 hakuna anayekifungua tena. Kilichowaumiza nyie ni hiyo ya pili.

Lakini ile ya kwanza ngoja nikuonyeshe wenzetu walivyoifanya. Hao hao Star Trek mwaka 1967 walikuwa na mwongozo wa waandishi unaoanza na mtihani kabisa. Wanakupa sini, yaani onyesho moja, meli iko hatarini, adui anakuja, na kapteni pale kwenye usukani anamkumbatia binti mfanyakazi wake kwa mahaba, afu unaulizwa kosa liko wapi. Mwandishi anahangaika na mitambo, mara taa, mara istilahi za anga. Kumbe kosa ni utu tu, toa hiyo meli ya anga weka manowari ya leo iko vitani, kapteni gani atasimama mbele ya askari wake akumbatiane na karani wakati wanashambuliwa? Sini haiaminiki baharini basi na angani haiaminiki. Huu mtihani mimi naupenda kuliko kurasa 100 za maelezo, maana ukishaufanya mara moja unakaa kichwani.

Mna kwenu mtihani kama huo? Mnao. Nimeangalia sehemu yenu ya 19, baba wa Somoe kakaa barazani kapokea posa peke yake, kataja mahari, kamaliza. Njomba! Familia mmesema wenyewe ni ya Kimakonde ya Newala. Mjomba, mwenye neno la posa kwa Wamakonde, yuko wapi? Na sehemu ya 6 mlishamleta mjomba huyo huyo, kaja na basi, kasema neno moja nyumba nzima ikanyamaza. Mtu wa Dar anaweza asilione ila Newala, Tandahimba, Masasi wote wameliona, na mimi mjomba mtu nimeumia kivyangu. Hilo ndo la kuwa ukurasa wa kwanza wa mwongozo wenu, andikeni hiyo sini ilivyokosewa kisha muulize: kosa liko wapi?

Kingine cha kwenye mwongozo ule, wanasema polisi kwenye hadithi ya polisi hasimami kueleza bastola yake inavyofanya kazi, anaitoa anaitumia, kwa hiyo na mtu wa anga asisimame kueleza mitambo. Mkulima wenu sehemu ya 8 anamueleza mke wake stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghala zikauzwe mnadani, ni nini. Mke wa mkulima wa korosho wa Mtwara! Huyo mama anajua hadi siku ya mnada, pengine ndo anayemkumbusha mumewe.

Haya, tuje kwenye kumbukumbu. Chukueni daftari kubwa lile la kaunta, au faili moja kwenye simu mnaloliona wote wanne, kila mhusika ukurasa wake. Nakuandikia wa Somoe kama ningekuwa mimi:

*Somoe. Kazaliwa Newala 1991 (seh. 2). Kaja Mtwara mjini 2009, anaishi Magomeni nyumba ya kupanga, mlango wa bluu (seh. 1). Anabangua korosho, vidole vina makovu ya mafuta ya ganda (seh. 1, mekapu wasisahau). Watoto wawili (seh. 3). Haogopi njaa, anaogopa kuaibishwa mbele ya watu (seh. 7). Akisema "sawa" maana yake hajakubali, akikubali ananyamaza (seh. 4, 10). Hawezi kamwe: kumkatiza mjomba wake maneno.*

Umeona zile namba za sehemu? Hizo ndo roho ya daftari. Bila namba mtabishana usiku kucha, huyu anasema wawili yule mmoja, ukiwa na namba unafungua sehemu ya 3 unasikiliza, ugomvi umeisha. Na ule mstari wa "hawezi kamwe" una faida kuliko mistari kumi ya sifa, kwa sababu "mpole, mchapakazi, ana huruma" ni kila mama kwenye kila tamthilia, ila hawezi kamwe kufanya nini, hapo tumempata Somoe peke yake. Na siku moja mkitaka kweli kuivunja tamthilia mnajua pa kugonga, mnamfanya amkatize mjomba, mtazamaji atashika mdomo.

Baada ya wahusika unakuja ukurasa wa miaka. Huo msiuruke, nyie mnapenda sana kurudi nyuma. Ile ya baba kusafiri kwenda Dar 1999, basi likapita juu ya daraja zuri la Rufiji. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003, kabla ya hapo ni pantoni, na nani wa kusini mwenye umri wangu amesahau foleni ya pantoni? Mmejinyima sini ya bure kabisa, watu wamekwama, mama anauza mayai ya kuchemsha, mtoto analia, na nyie mmewavusha kwa sekunde tatu. Halafu mwaka 2005 mtu anatumiwa hela kwa M-Pesa, Tanzania imeanza 2008. Na msimu jamani msimu, mkulima anapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, wakati jirani yake anaokota korosho zilizoanguka! Salfa ni katikati ya mwaka huko, korosho zinaokotwa kuanzia Septemba Oktoba kuelekea Januari. Chora miezi 12 ukutani, andika mtu wenu anafanya nini shamba kila mwezi, nusu saa tu kazi imekwisha.

Sitaki uone kama hii ni habari ya Marekani peke yake. Twende na Wakati, ule mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993, ule wa Mkwaju dereva wa lori, ulifuata njia ya Miguel Sabido wa Mexico, ambako kabla ya kuandika mchezo kunapangwa kwanza jedwali la mambo gani yanaungwa mkono na yapi yanapingwa, na wahusika wanajengwa juu ya hilo. Ndo maana Mkwaju hakuwa leo mlevi wa wanawake kesho mtakatifu bila sababu, alivyoanza ndivyo alivyoporomoka mpaka UKIMWI.

Na mimi usinione mjuaji, nimejifunza kwa fedheha. Zamani nikiwa Lindi niliandika mchezo wa redio, sehemu ya 4 bibi anasimulia kwamba tangu kaka yake azame hajawahi kuweka mguu kwenye maji, hajui kuogelea, watu walilia. Sehemu ya 17 nilikuwa na haraka, mtoto katumbukia, nikamrusha bibi majini akamuokoa, nikaona nimemaliza kazi. Kesho yake nasubiri kivuko cha kwenda Kitunda, mzee mmoja mvuvi kakaa juu ya ndoo anashona wavu, hakuinua hata macho, akasema, "Yule bibi kajifunza kuogelea lini?" Nikamwambia ni mchezo tu mzee. Akasema, "Mi nilimuonea huruma kweli." Akaendelea kushona. Nilipanda kivuko nikatafuta pa kuficha uso hadi ng'ambo.

Mjomba, mimi dada wa Nachingwea, naandika michezo ya shuleni na kanisani. Kosa likishachezwa watu wakaliona tunafanyaje, tunakaa kimya au tunaeleza?

Inategemea ukubwa dada. Rangi ya mlango, jina la mtaa, yapotezee, rudi kwenye kilichotangulia na usonge mbele, ukieleza ndo unawaamsha hata wasioona. Ila kosa linalogusa moyo wa mtu, kama lile la bibi yangu, lazima ulilipe ndani ya hadithi yenyewe, na malipo yawe mazuri kuliko kosa. Mfano huyo binti wa wenzako wa Chikongola, kidato cha pili, kaibuka tu. Wao wanataka kumfuta, mimi ningemwacha. Huku kwetu mtoto wa dada yako si ni mtoto wako? Basi marehemu dada wa Somoe aliacha binti, kalelewa Newala kwa bibi, kaja mjini kusoma, Somoe anamuita mwanangu kwa sababu ndivyo anavyomuona. Hapo mmepata na marehemu dada, na swali la kwa nini hajawahi kutajwa, mnayo mafuta ya sehemu sita nzima. Lakini hilo la mtoto wa pili aliyepotea kwenye sehemu ya 14 haliponi hivyo, hilo mtu amwulize Somoe mbele ya kamera, "kwa nini siku ile ulisema unaye mmoja?" na mwandishi ahakikishe jibu analo kabla hajaandika swali.

Kitu kimoja usifanye: usiseme ilikuwa ndoto. Watu watakusonya.

Mjomba za saa hizi. Niko Masasi, kwenye kundi letu daftari tulianzisha ila kila mtu anaandika anavyotaka, mwingine anafuta ya mwenzie. Nani awe nalo?

Mmoja. Wote wasome, mmoja aandike. Kwenye televisheni kubwa huwa kuna mratibu wa skripti ambaye kazi yake ni hiyo, tena mara nyingi si mwandishi mkuu, kwa sababu mwandishi mkuu ndo mtu wa kwanza kusahau alichoandika, kichwa chake kina matoleo matano ya sini moja na hajui lipi lilikwenda hewani. Mtafuteni yule anayebishana sana kuhusu vitu vidogo, kila kundi lina mmoja anayewachosha, mpeni yeye. Kila sehemu ikirushwa anaiangalia ilivyotoka, si ilivyo kwenye skripti, kwa maana mwigizaji anaweza kuwa kasema watatu mlipoandika wawili na kilichosikika ndicho kilichokuwa. Anaandika usiku ule ule. Na aandike kwa kalamu ya wino, anayetaka kubadilisha aje na sababu.