Dawa kwanza au kisu kwanza? Tuliyopitia na mama mdogo

Pole sana mkuu. Umeandika kwamba kinyama alichokatwa bi mkubwa kupimwa kimerudi na jibu la saratani ya titi, halafu daktari hataki kupasua sasa, anataka dripu za dawa kwanza, na wajomba wanasema mnazungushwa mpaka ugonjwa usambae. Kikao kama hicho na sisi tulikikaa, tena kwa kelele.

Tulimuuguza mama mdogo hapa Dar. Uvimbe ulikuwa kama yai la kuku, ngozi imeanza kuvutwa ndani. Kesi ikapelekwa kwenye jopo: mpasuaji, daktari wa dawa, wa mionzi, wa picha, na yule wa maabara anayesoma vinyama, wote na faili moja. Wakasema dawa itangulie. Nilimbana mmoja wao mpaka akanieleza: kwa saratani ya titi, dawa ikitangulia au ikifuata, mgonjwa hapungukiwi siku za kuishi. Ila ikitangulia mnaona kama uvimbe unaisikia, na ukinywea mpasuaji anapata pa kukatia. Baada ya mizunguko minne ya dawa binti yake akawa anautafuta kwa vidole.

Kwa hiyo hilo la "lini anapasuliwa" liweke pembeni. Uliza kama kesi imekaa joponi. Ikiwa imekaa, wajomba watulie. Ikiwa daktari mmoja kaamua peke yake, hata kama kaamua kupasua kesho kama mnavyotaka nyie, hapo ndipo mimi ningeshtuka.

Kilichotuchelewesha sisi ni kikopo. Hospitali ya kwanza (siitaji) walikata kinyama, wakatukabidhi tukipeleke maabara wenyewe. Nikapanda nacho daladala kwenye mfuko wa kaki. Kule maabara jamaa akakifungua, akanusa, akaniuliza, "Hii mmeweka kwenye nini?" Maji ya dripu, badala ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze. Kimeharibika. Mama mdogo akakatwa upya, mwezi ukapita. Ukibebeshwa kikopo, uliza kina nini ndani kabla hujatoka mlangoni.

Tarehe ya upasuaji ilipofika, daktari wa usingizi akagoma. Damu ilikuwa chini, 8 tu, na dawa zilikuwa zimemkondesha. Mjomba alitukana. Lakini wiki tatu zile za kusubiri mtu wa lishe alitupangia mayai, dagaa, maharage na uji wa karanga, juu yake vidonge vya kuongeza damu. Mtu wa mazoezi ya viungo naye akamfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku ameegemeza mto kifuani, tukaona mchezo tu. Alipotoka chumba cha upasuaji akaufanya wodini bila kuambiwa, na kesho yake asubuhi akaenda chooni kwa miguu yake.

Nyumbani alirudi na bomba la kutolea maji ya kidonda. Sista alimfundisha mdogo wangu kulimwaga na kupima, tukanunua daftari la shule: siku ya kwanza mililita 140, ya pili 110, mpaka zilipoteremka chini ya 30 kwa siku ndipo wakalitoa. Siku moja maji yalikuja mekundu na mazito, tukapiga simu wodini na daftari mkononi, wakatuambia tuje palepale. Namba ya simu ya wodi iombe kabla ya kuruhusiwa.

Mkono sasa. Wakitoa tezi za kwapani bega hukakamaa na mkono unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Mwanzoni ilikuwa kukunja ngumi na kiwiko tu. Bomba lilipotoka, akawa anasimama mbele ya ukuta wa jikoni, vidole vinapanda kama buibui, pale vinapokwama anachora alama kwa mkaa. Alama ya kwanza iko usawa wa kidevu. Ya mwisho imepita kizingiti cha dirisha, na mpaka leo ukuta ule hataki upakwe rangi.

Kilichokatwa kilirudi maabara, jopo likakaa mara ya pili, wakaongeza mionzi, halafu kidonge cha tamoksifeni, cha kuizuia homoni, kila siku kwa miaka 5 kwa sababu uvimbe wake ulikuwa wa kulishwa na homoni. Na hili hukulisema, mkuu: karatasi ya kinyama cha bi mkubwa imeandika nini kuhusu homoni na HER2 (protini ambayo ikizidi huchochea uvimbe kukua)? Kama pako wazi, kaulize kabla ya dripu ya kwanza.