Ubao wa Mwalimu: Nane au Tisa?

*Shikamoo Mwalimu. Sisi ni marafiki wawili wa Kidato cha Tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), shule ya bweni mkoani Iringa. Kila usiku baada ya prepo mmoja wetu anaandika swali ubaoni, mwenzake analitatua. Anayeshindwa anamfulia mwenzake shati la shule. Juzi aliniwekea hili: x na y ni namba chanya, tafuta thamani ndogo kabisa ya (x + 1/y)(y + 4/x). Mimi nimepata 8 kwa mistari mitatu tu. Yeye anang'ang'ania 9. Darasa limegawanyika nusu kwa nusu na hakuna aliyefua. Tuamulie. – Mwenye Nane*

Marahaba, Mwenye Nane. Fua shati.

Ulichofanya nakijua, maana katika miaka yangu ya chaki sikuwahi kukosa mtu wa nane darasani, na kwa kawaida alikuwa miongoni mwa wale wazuri. Ulichukua ile kanuni kwamba jumla ya namba mbili chanya haipungui mara mbili ya kipeuo cha pili cha zao lake. Mabano ya kwanza yakakupa 2√(x/y), ya pili yakakupa 4√(y/x). Ukazidisha, vipeuo vikafutana, ikabaki 8. Hakuna mstari wa uongo hapo. Umethibitisha, na kwa uzuri, kwamba jibu haliwezi kushuka chini ya 8. Lakini swali halikuuliza hivyo. Liliuliza linashuka mpaka wapi.

Sasa angalia. Mabano ya kwanza yanafika kwenye kikomo chake pale x inapolingana na 1/y, yaani xy ikiwa 1. Ya pili yanataka y ilingane na 4/x, yaani xy iwe 4. Utaipata wapi xy ambayo ni 1 na papo hapo ni 4? Weka x = 1 na y = 1: unapata 2 mara 5, ambayo ni 10. Weka x = 1 na y = 4: ni 1¼ mara 8, tena 10. Ile 8 yako haipo popote.

Mwenzako, kama alifanya mwenyewe, nadhani alifungua mabano kwanza. Zinatoka xy + 5 + 4/xy. Hapo kanuni ileile inatumika mara moja tu, kwa xy na 4/xy: jumla yake haipungui 4, na inafika 4 xy ikiwa 2. Ongeza zile 5, unapata 9. Hakikisha kwa x = 1 na y = 2: 1½ mara 6. Tisa, na unaweza kuigusa kwa kidole.

Kilichonikera katika barua yako siyo ile 8. Ni hilo darasa lililogawanyika nusu kwa nusu. Watu wa PCM, kila mmoja na kikokotoo mfukoni, wanapiga kura! Kama kuna mtu mmoja angejaribu jozi tatu nne za namba, angeona zinagota kwenye 9 na kukataa kwenda chini. Huo usingekuwa uthibitisho, lakini ungewanyamazisha watu wa nane wakatafute kosa lao.

Mchezo wenu naupenda, hata hilo la shati. Ila uongezeeni masharti. Anayeweka swali awe amelitatua mwenyewe kabla ya kulileta. Aliyechungulia majibu nyuma ya kitabu hana haki ya kufuliwa hata soksi. Anayetatua asimame ubaoni na kueleza kila mstari, na mwenzake aruhusiwe kumkata katikati: "Hapo umetoka wapi?" Na msirudie aina moja ya swali wiki nzima. Italia mwaka 1535 wanahisabati wawili walioshindana, Fior na Tartaglia, walipeana maswali 30 kila mmoja, na yote ya Fior yalikuwa ya namna moja, milinganyo ya kipeo cha tatu, kwa sababu aliamini kanuni yake anaijua peke yake. Siku chache kabla ya mwisho wa shindano Tartaglia akaigundua kanuni hiyo, na inasimuliwa kwamba aliyamaliza yote 30 chini ya saa mbili. Fior hakuwa na akiba nyingine.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha hesabu sekondari moja mkoani Kigoma. Nimeanzisha swali gumu la wiki. Tatizo ni kijana mmoja anayeshinda kila mara, tena kabla sijamaliza kuandika. Wengine sasa wanakaa tu wakimsubiri. Nimtoe kwenye mashindano? – Mwalimu wa Kigoma*

Usimtoe, ndugu yangu. Toa ile saa ya ukutani. Ukiuliza swali mbele ya darasa na kumpa ushindi wa kwanza kunyoosha mkono, unapima mbio. Kijana wako ana mbio, na pengine ana akili pia, lakini wale wanaohitaji usiku mmoja wa kulilalia swali huwajui mpaka leo.

Mwaka 1894 mwalimu wa sekondari wa mji wa Győr, Hungaria, Dániel Arany, alianzisha jarida la hesabu kwa wanafunzi. Linaitwa KöMaL kwa kifupi na mpaka leo lipo. Utaratibu wake ni huu: maswali yanachapishwa kila mwezi, mwanafunzi anakaa nayo nyumbani, anaandika suluhisho kamili na kulituma. Linasahihishwa, alama zinajumlishwa mwaka mzima, na waliofanya vizuri majina yao yanachapishwa, hata picha zao. Paul Erdős, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alikuwa mmoja wa vijana wa picha hizo. Watoto wa miji mbalimbali walikuwa wakijuana kwa majina ya jaridani kabla hawajaonana uso kwa uso.

Wewe huhitaji jarida. Bandika swali Jumatatu kwenye ubao wa matangazo, pokea karatasi mpaka Ijumaa, na hoja nzuri isiyofika mwisho ipewe alama zake. Suluhisho mbili tofauti za swali moja zibandikwe pamoja, zenye majina. Huyo bingwa wako mpe kazi ya kutunga swali kila wiki ya tatu na kusahihisha karatasi za wenzake. Utashangaa jinsi atakavyopunguza kelele siku atakapokutana na suluhisho fupi kuliko lake. Zawadi za fedha siziungi mkono. Zikiingia tu, karatasi zinaanza kufanana.

*Shikamoo Mwalimu. Darasani kwetu PCM wasichana tuko wachache. Wavulana wana kundi lao la kupeana maswali magumu. Nikitatua lao wanasema nimedesa. Nikiwapa la kwangu wanasema rahisi, hawalifanyi. Niachane nao? – Binti wa Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Kwanza tafuta mwenzako mmoja wa kike, siyo kwa ajili ya kulalamika naye bali kwa ajili ya kutatua naye. Tehran, shule ya wasichana, Maryam Mirzakhani na rafiki yake Roya Beheshti walipata karatasi ya mchujo wa taifa wa olimpiadi ya kompyuta. Ilikuwa ya kufanywa kwa muda wa saa tatu. Wao walikaa nayo siku kadhaa, wakapata matatu kati ya maswali sita, na Mirzakhani akafurahi kwamba angalau anaweza. Wakaenda kwa mkuu wa shule kuomba vipindi vya maswali magumu kama walivyokuwa navyo wavulana, na wakapewa. Mwaka 1994 wote wawili walikuwa kwenye timu ya Iran, Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, na Mirzakhani akarudi na dhahabu. Mwaka uliofuata alipata alama zote 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani.

Hao wavulana wanaosema la kwako rahisi, wape hili. Weka nukta tano kwenye karatasi, tatu zozote zisilale kwenye mstari mmoja ulionyooka. Thibitisha kwamba daima zipo nne kati yake zinazounda pembenne isiyo na kona iliyoingia ndani. Aliyelileta ni msichana, Esther Klein, kwa kundi la marafiki zake wa Budapest mwaka 1933. Erdős alikuwamo. Alikuwamo pia George Szekeres, aliyeendelea kulipanua swali hilo pamoja na Erdős, na mwaka 1937 akamwoa Esther, lakini hilo usiwaambie wavulana wako.

Wewe mwenyewe ulitatue kwanza. Fikiria umezungushia mpira wa manati nukta zote tano ukauachia ubane. Unaweza kugusa nukta tano, nne, au tatu. Hali mbili za mwanzo zinajimaliza zenyewe. Hali ya tatu, nukta mbili zikibaki ndani ya pembetatu, ndipo penye kazi: chora mstari unaopita kwenye hizo mbili za ndani, uangalie kona za pembetatu zimeangukia upande gani. Wakikuletea mchoro mzuri wakasema "inaonekana tu", warudishie. Waandike hali ya tatu kwa maneno.