Ukiombwa kuandika wasifu wa mmisionari

Hapa Pwani nimeombwa mara nyingi, kanisani kwetu na makanisa ya jirani, kuandika wasifu wa wamisionari waliotutumikia: muuguzi aliyezeekea zahanati, mwalimu wa chuo cha Biblia, mchungaji aliyezungumza Kigiriama kuliko wajukuu zetu. Ombi huja kamati ikiwa imeshakaa, na mtu ameshaleta karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa, chuo alichosoma, mwaka aliofika na makanisa aliyojenga. Karatasi hiyo ipokee kwa shukrani, kisha iweke kando kwanza. Nenda kwa watu waliokaa naye.

Aliyenifundisha hivyo ni Johannes Rebmann, ingawa alikufa zamani sana kabla yangu. Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akafika Mombasa mwaka 1846, akaungana na mmisionari mwenzake Ludwig Krapf kule Rabai, karibu na Mombasa, chini ya shirika la kimisionari la Kiingereza, CMS. Ukiwauliza wengi leo watakwambia ni Mzungu aliyeona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na wataalamu wa London wakambishia. Ni kweli, lakini mtu ambaye maisha yake yote yanatajwa kwa siku moja ya safari bado hajaheshimiwa. Rebmann alikaa huku miaka 29. Krapf alirudi kwao, wengine wakaja wakaondoka, yeye akabaki. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, naye akabaki. Macho yakaanza kufifia, na bado akaendelea na kazi yake ya lugha mpaka alipokuwa karibu kipofu kabisa.

Sasa angalia ni akina nani waliomzunguka. Safari ile ya Uchagani, kule Kilimanjaro, iliongozwa na Bwana Kheri, aliyezijua njia na wenyeji wake. Kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, iliyochapwa mwaka 1877, ilitoka kinywani mwa Salimini, aliyechukuliwa mtumwa kutoka pande hizo mpaka Mombasa. Rebmann alikuwa akiuliza na kuandika, Salimini akijibu. Pale Rabai palikuwa na Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa mgonjwa karibu na kufa, na Abe Gunja baada yake. Na Rebmann aliporudi Ulaya mwaka 1875 bila nuru ya macho, aliyesafiri naye kumshika mkono alikuwa Isaac Nyondo, mtoto wa Abe Gunja. Mwaka uliofuata Rebmann akafariki Korntal, karibu na Stuttgart.

Mimi nikimfikiria Isaac kwenye meli ile, nikimfikiria akimwongoza mzee kipofu katika nchi yenye baridi asiyoijua, naona hapo ndipo wasifu wote wa Rebmann ulipo. Ingekuwaje mtoto wa mtu akufuate mpaka ughaibuni kama hukuishi na baba yake vizuri?

Kwa hiyo uliza majina. Nani alimpikia, nani alimtafsiria ibada ya kwanza, nani alimbeba alipoumwa malaria, dereva wake alikuwa nani, kina mama gani walimfundisha kusonga ugali. Yaandike kwa ukamilifu, jina la baba likiwemo. "Wenyeji walimsaidia" si sentensi ya wasifu, ifute. Waulize wazee kwa lugha ya nyumbani, maana ukimhoji bibi wa Kaloleni kwa Kiswahili cha ofisini atakupa majibu ya ofisini. Na uende bila haraka, kwa sababu jambo lenyewe hutoka wakati umeshasimama kuaga.

Kuna kishawishi cha kuhesabu waliookoka. Achana nacho. Rebmann kwa miaka yote ile aliacha Wakristo wachache sana pale Rabai, na kwa hesabu hiyo angeonekana ameshindwa. Hata hivyo walichosimamisha wachache wale kipo hadi leo.

Usifiche gharama pia, hasa waliyoilipa mke na watoto. Rosine, mke wa Krapf, na binti yake mchanga walizikwa upande wa Nyali mwezi Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Katika wasifu nyingi ninazoletewa mke hutajwa kwa mstari mmoja, "alifunga ndoa na kubarikiwa watoto", kama kwamba yeye hakuvuka bahari. Kama mke alifundisha, alizalisha kina mama au alizika mtoto kwenye udongo wetu, mpe aya yake.

Vipi kuhusu makosa? Kama mmisionari alikuwa mkali, au alikataza ngoma ambazo wazee bado wanazililia, sema kwa adabu, kwa kinywa cha waliokuwepo. Familia mara nyingi huogopa, lakini nimeona watu wakiitikia kwa vichwa kwa utulivu pale ukweli unaposemwa na upendo ukiwa wazi.

Siku ya ibada soma kwa lugha aliyohubiria, hata kama wageni wametoka mbali. Wao wapewe tafsiri ya karatasi. Nakala moja ibaki ofisi ya parokia, nyingine ipelekwe kwa ndugu zake, pamoja na picha zilizoandikwa majina nyuma. Na vijana wenu wapelekeni Rabai, si mbali na Mazeras, wakaone jumba la makumbusho na nyumba za Krapf na Rebmann.

Kama mmisionari wenu bado yu hai, hata kama alisharudi kwao, msingoje msiba. Mpigie simu wiki hii, mwombe akutajie watu waliompokea siku za mwanzo, uandike, halafu uwatafute watu hao au watoto wao uwaambie kwamba anawakumbuka.