Muulize Dada: Nikitoka usiku na watoto naenda wapi?

Swali: Dada shikamoo. Niko Malaba, nina watoto watatu. Mume wangu akilewa ni kipigo, juzi kanivunja kidole watoto wanaona. Mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) anasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Kwetu nako hawanitaki maana mume anadai nikiondoka arudishiwe ng'ombe zake za mahari, na zilishauzwa zamani. Nasikia kuna shelta, nyumba ya kuhifadhi wanaopigwa, ila eti ukiingia hutoki, na watoto unanyang'anywa. Ni kweli? – Mama Watatu

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Tuanze na hao ng'ombe maana naona ndio wamekufunga kamba. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba, na kesi hiyo ilipelekwa na MIFUMI, shirika lililoanzia hapo hapo jirani yako Tororo, kwa hiyo waambie wazazi wako wasikubali kutishwa na mtu, hawana deni.

Shelta sio jela na sio talaka. Unaingia kwa hiari na unatoka kwa hiari, unapata pa kulala, matibabu, mtu wa kukusikiliza na wa kukusaidia mambo ya kesi, halafu ukiwa umetulia ndo unaamua kama unarudi au unaanza maisha yako. Watoto unaenda nao, ila kama una kijana mkubwa uliza mapema maana baadhi hawapokei wavulana wakubwa. Mahali ilipo hawatangazi na wewe usimwambie mtu hata shoga yako, wanaume wengi huwa wanaletwa mlangoni na mtu wa karibu.

Kufika huko piga 116, ile simu ya msaada inayoitwa Sauti, ni bure, au nenda polisi uulize dawati la familia na watoto. Omba fomu namba 3 ya polisi, daktari aijaze kuhusu hicho kidole kabla hakijapona, bila hiyo kesi inalegea. Na huyo mwenyekiti mkumbushe kuna sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2010, kupigwa sio ugomvi wa ndugu, na hakimu anaweza kumpa mumeo amri ya kutokusogelea hata kesi haijaisha. Kuanzia leo vitambulisho, kadi za kliniki za watoto na nauli kidogo viweke kwa mtu unayemwamini, sio ndani kwako.

Swali: Binti ya dada yangu alipitishwa Busia akapelekwa Nairobi halafu Oman, aliahidiwa kazi ya duka akafungiwa ndani bila mshahara. Amerudi, polisi hataki kwenda, anasema ni yeye alikubali. – Mjomba, Jinja

Jibu: Mjomba, sheria ya 2009 ya usafirishaji haramu wa watu iko wazi, kukubali kwake sio kitu, mwenye kosa ni aliyemdanganya. Usimsukume lakini. Kwanza alale, ale, apimwe, 116 hiyo hiyo watamwelekeza pa kukaa kama hapo nyumbani maneno yamezidi. Ila simu yake asifute chochote, meseji za yule ajenti na risiti za mobile money zote azitunze, akiwa tayari kuongea ndio zitamsaidia.