Madodoso 93 hayajapatikana: nijaziwe?

SWALI: Nasomea shahada ya uuguzi, mwaka wa nne. Nachunguza uelewa wa wajawazito kuhusu dalili za hatari. Sampuli ni 384, nimepata 291, na muda umekwisha. Kijana wa steshenari jirani na chuo anasema atanijazia 93 zilizobaki na kunifanyia uchambuzi. Wenzangu wanasema dodoso halimdhuru mtu. Mwalimu, nifanyeje?

JIBU: Usijaziwe hata moja. Kinachowaponza wanafunzi kila mwaka ni kuichukulia 384 kama alama ya kufaulia. Ni zao la fomula ya ukubwa wa sampuli tu: uwiano wa 0.5 (kukisia kuwa nusu wanazijua dalili), uhakika wa asilimia 95, kosa (kiasi ambacho matokeo yanaweza kupishana na hali halisi) la asilimia 5. Kwa watu 291 kosa linapanda hadi kama asilimia 5.7. Basi! Tena, ikiwa kliniki yako ina wajawazito 900 na hitimisho lako linawahusu hao peke yao, sampuli hupunguzwa kwa kuwa kundi ni dogo: 384 ÷ (1 + 383/900) ni kama 270, umeshavuka. Mwoneshe msimamizi hesabu hiyo, kisha andika wazi: waliolengwa 384, waliojibu 291 (asilimia 75.8), waliokataa wangapi, walioishia njiani wangapi.

Eti dodoso halimdhuru mtu! Tuseme kati ya hao 291, wanaozijua dalili ni 116, asilimia 40. Kijana anapika 93, na 74 kati yao anawapa majibu sahihi ili matokeo yapendeze. Sasa una 190 kati ya 384, karibu nusu. Mganga mfawidhi akisoma ataona elimu ya kliniki inatosha, na mama anayetokwa damu usiku atasubiri kukuche.

Na upishi huu hugundulika. Watu halisi hukadiria umri, ndiyo maana 25, 30 na 35 hujirudia. Huruka maswali, hujipinga. Karatasi za kupikwa ni safi mno, au zina binti wa miaka 18 mwenye watoto watano.

Wapishi hao huuza hata saini za ridhaa, yaani za kukubali kushiriki utafiti. Lakini ipo ridhaa batili isiyonunuliwa: ya kuombwa na mwanafunzi aliyevaa sare. Mama aliye kwenye foleni akiona sare hudhani akikataa hatahudumiwa. Vaa nguo za kawaida, mfuate akishahudumiwa, msomee fomu, mwambie anaweza kuacha wakati wowote. Fomu za ridhaa zifungie mbali na madodoso. Kibali cha kamati ya maadili kikiisha muda, simamisha ukusanyaji mpaka kiongezwe.