Barua kwa mwanangu: kabla hujashika pini ya kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema umeitwa ukafanye kazi ya mkataba wa mwaka mmoja kwenye chumba cha vielelezo vya wadudu, na wenzako uliosoma nao wanakwambia kuainisha wadudu kwa pini na hadubini kumepitwa na wakati, siku hizi ni vinasaba. Unauliza mambo matatu: niende au nisiende, kazi yenyewe kila siku ni nini, na mtu anaishije kwa kazi hiyo.

Nenda. Sababu nitakuonyesha kwenye muhogo.

Miaka ya 1970 muhogo wa Kongo ulianza kudumaa. Ncha za mmea zilijikunja, majani yakabanana kama kishada, na ndani ya mikunjo wakaonekana vidung'ata, wale wadudu weupe kana kwamba wamepakwa unga. Mwaka 1977 Danièle Matile-Ferrero alimpa mdudu huyo jina la Phenacoccus manihoti. Kwa kuwa muhogo asili yake ni Amerika, watu walikwenda kuwatafuta adui za kidung'ata huyo huko. Kaskazini mwa Amerika Kusini wakampata kidung'ata aliyefanana naye, lakini nyigu wa huko, wanaotaga ndani yake, hawakuwafaa wale wa Afrika. Walipotazamwa vizuri, ikaonekana ni spishi mbili. Wa Afrika, chini ya ule unga wake, ana rangi ya waridi, ni majike watupu, wanazaa bila dume. Yule mwingine ni wa manjano na ana madume. Huyo wa manjano akapewa jina lake mwenyewe, Phenacoccus herreni, mwaka 1981. Mwaka huohuo yule wa waridi akapatikana Paraguay, na kutoka huko akaletwa nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, aliyewapunguza vidung'ata hao katika sehemu kubwa ya nchi za Afrika zinazolima muhogo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Wadudu wawili wa milimita chache walidhaniwa ni mmoja, na wakulima wakaendelea kuchimba mizizi myembamba huku msaada ukitafutwa pasipo.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na hilo ni la kwetu kabisa. Mwaka 2003 nzi mgeni wa matunda alionekana Kenya, akaenea haraka kwenye maembe ya Afrika Mashariki na mbali zaidi. Mwaka 2005 akaandikwa kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens. Mgongo wake ulisumbua watu: mmoja mweusi, mwingine hudhurungi, mwingine katikati ya hizo, wakati Bactrocera dorsalis wa Asia alijulikana zaidi kwa weusi. Baada ya miaka kumi ya kulinganisha mabawa, viungo vya uzazi, vinasaba, harufu na kama wanapandana na kuzaa, ikakubalika ni nzi yuleyule wa Asia. Jina la dorsalis ni la mwaka 1912, kwa hiyo ndilo lililobaki, maana jina la kwanza lililotolewa kihalali ndilo lenye haki. Siku hiyo utafiti wote uliofanywa Asia kuhusu dorsalis ukawa halali kwa mwembe wa Muheza au Malindi. Basi ukiambiwa kwamba unakwenda kuhesabu nywele za nzi, jua kwamba nywele hizo zina mkulima nyuma yake.

Sasa kazi yenyewe. Miezi ya kwanza utachambua tu. Chupa moja ya mtego wa Malaise, ule unaofanana na hema, ikikaa porini wiki moja huweza kurudi na maelfu ya wadudu ndani ya ethanoli. Unamimina kidogo kidogo kwenye kisahani, unatenga nzi, nyigu, mbawakawa, kunguni wa mimea, nondo, kila kundi kwenye kichupa chake. Usimimine kingi kwa tamaa ya kumaliza. Wadudu wakilaliana, wale wa milimita moja hawaonekani, na mara nyingi hao ndio wasiojulikana. Kila kichupa kipate lebo yake papo hapo, iingie ndani ya ethanoli pamoja na wadudu. Ukiibandika nje itakuja kubanduka. Andika kwa penseli au wino usioyeyuka. Karatasi iliyochapwa kwa printa ya kawaida ya wino huchuja rangi ndani ya ethanoli, na ya leza herufi zake huweza kuambuka na kubaki zikielea chini ya kichupa kama vumbi.

Kuhusu lebo nitakuwa mkali, unisamehe. Kielelezo kisicho na lebo ni mdudu aliyekufa tu. Lebo ya kufaa inasomeka hivi: TANZANIA, Tanga, Muheza, Amani, 5°06'S 38°38'E, 950 m, 14.iii.2024, mtego wa Malaise, kisha jina la aliyekusanya. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, kwa sababu 3/4/2024 kwetu ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi, na atakayesoma lebo hiyo miaka themanini ijayo hatakuwa na wa kumuuliza. Usiandike "karibu na mto" au "shambani kwa mzee". Jina la mdudu halikai kwenye lebo hiyo. Lina lebo yake ya chini, yenye jina la aliyemtambua na mwaka, kwa kuwa utambuzi hubadilika lakini mahali alipokamatwa hapabadiliki. Na lebo ya zamani usiitoe kamwe, hata ukiona ina kosa. Ongeza yako chini yake.

Pini za wadudu zina urefu wa milimita 38, na namba 2 au 3 zitakutosha kwa wengi. Mbawakawa huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, karibu na kidari; nzi na nyigu kwenye kidari, kulia kidogo mwa mstari wa katikati. Tunachoma kulia ili upande wa kushoto ubaki mzima, kwani nywele na madoa ya kutambulia yako pande zote mbili, na ukiharibu upande mmoja una mwingine. Ukichoma katikati kabisa umeharibu zote. Mdudu mdogo kuliko milimita tano usimchome; mgundishe kwenye ncha ya kipembetatu cha kadi, kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, tone dogo kuliko unavyodhani. Nzi aliyetoka kwenye ethanoli usimchome na kumwacha akauke hivihivi. Macho yatabonyea na tumbo litasinyaa. Mhamishie kwanza kwenye ethanoli isiyo na maji, kisha kwenye ethili asetati, ndipo umkaushe.

Kuna kazi moja itakayokutoa jasho mwanzoni, nayo ni kufungua tumbo la dume. Kwa makundi mengi spishi hazitofautishwi kwa rangi wala ukubwa; zinatofautishwa kwa umbo la viungo vya uzazi vya dume, na vimefichwa. Mdudu mkavu unamlaza kwanza siku moja au mbili kwenye sanduku lenye unyevu, lenye punje chache za thaimoli ili asiote ukungu. Akilainika, unalitoa tumbo kwa kibanio na kuliweka kwenye haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10. Ukiipasha moto kidogo, dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Bila moto, liache usiku kucha. Nyama huyeyuka, ganda hubaki. Unasuuza kwa maji yenye tone la asidi ya siki, unahamishia kwenye gliserini, ndipo unaanza kutenganisha kwa sindano mbili nyembamba chini ya hadubini. Ukilisahau kwenye dawa, ganda linafifia mpaka huoni kingo zake, na huwezi kulirudisha. Shughulikia tumbo moja kwa wakati mmoja mpaka mikono izoee, maana matumbo mawili yakichanganyika umepoteza vielelezo viwili. Ukimaliza, linaingia kwenye kichupa kidogo chenye gliserini, na kichupa kinachomwa kwenye pini ileile ya mdudu mwenyewe, chini yake.

Ufunguo wa kutambulia, ule wa "ama hivi, ama vile, nenda namba 7", nao usikudanganye. Ufunguo unazijua tu spishi zilizojulikana ulipoandikwa. Mdudu asiye humo atapewa jina la jirani yake bila kelele yoyote. Kwa hiyo ukifika mwisho wa ufunguo hujamaliza. Soma maelezo ya kwanza ya spishi hiyo, kisha linganisha na vielelezo vilivyotambuliwa na mjuzi, na ikibidi na holotaipu, kile kielelezo kimoja kinachobeba jina. Mara nyingi holotaipu za wadudu wa kwetu ziko London, Brussels, Berlin au Paris. Omba picha kwanza. Watunzaji wengi hujibu wakiandikiwa swali la wazi.

Hapo ndipo nawajibu wenzako. Vinasaba ni lazima ujifunze, na usivione kama adui. Mbu majike wa Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis huwezi kuwatenganisha kwa uhakika chini ya hadubini, wala mtu mwingine yeyote hawezi, na tabia zao za kuuma hazifanani. Lakini kile kipande cha jeni chenye herufi 658 kinachotumika kutambulia wanyama kinalinganishwa na kilichomo kwenye hifadhi ya data. Kama aliyekiweka alikosea jina, kosa lake linakuwa lako. Mguu mmoja unatosha kwa kupima. Mwili uliobaki uwe kwenye pini, wenye namba ileile, ili mtu aweze kurudi kuutazama.

Hatari kubwa ndani ya chumba ni mbawakawa mdogo wa jamii ya Anthrenus. Mabuu yake hula vielelezo kutoka ndani, na dalili ya kwanza ni vumbi la hudhurungi chini ya pini. Kila kinachoingia kifungwe kwenye mfuko wa plastiki, kikae kwenye friza ya nyuzi -20 kwa wiki mbili, na baada ya kutoka usifungue mfuko mpaka siku inayofuata, la sivyo unyevu utaganda juu ya wadudu na ukungu utafuata. Droo moja iliyosahauliwa huweza kubaki na pini na lebo tu.

Upande wa maisha sitakuficha. Ajira za kudumu ni chache, na miaka ya mwanzo utaishi kwa mikataba na fedha za miradi. Wanaodumu ni wale ambao watu wa kilimo, afya na karantini wanawahitaji. Kwa hiyo chagua kundi lenye kazi nje ya makumbusho: nzi wa matunda, nyigu wanaotaga ndani ya wadudu wengine, vidung'ata, nyuki wasiouma. Hakikisha vielelezo vyake vimejaa kwenye droo zilizo karibu nawe, na kwamba yuko mjuzi mmoja aliye hai wa kukusahihisha. Kisha shughulikia spishi zote za jenasi moja, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu, kwa eneo moja. Usikimbilie kutangaza spishi mpya kwa kielelezo kimoja, hata ukishawishiwa, kwa sababu jina likishachapishwa halifutiki; litabaki kwenye orodha na wengine watakaa miaka wakilisafisha. Na kama makala yenye jina jipya inatoka mtandaoni tu, tangu 2012 ni lazima iandikishwe ZooBank, daftari la majina ya wanyama, kabla ya kutoka.

Vibali vishughulikie mapema: COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) kwa Tanzania, na ukivuka kwenda Kenya, NACOSTI (tume ya sayansi ya huko) na KWS (shirika la wanyamapori). Huchukua muda, na msimu wa mvua haukusubiri. Mgeni akikuomba umpe vielelezo abebe kwenye begi bila karatasi, kataa kwa adabu, hata kama ni profesa wako. Vikienda kwa mkopo wenye fomu, vina njia ya kurudi.

Kabla hujaondoka nunua kibanio chako mwenyewe, namba 5, chenye ncha nyembamba. Usiazime na usiazimishe. Ncha zake zichomeke kwenye kipande cha sponji kila unapokiweka mezani, maana kikidondoka sakafuni mara moja ncha zinapinda. Wiki ya kwanza mwombe mtunzaji akupe droo moja ya nzi wa matunda waliokwisha kutambuliwa, uwatazame tu, kabla hujamgusa hata mmoja. Uniandikie umeona nini kwenye migongo yao.

Mama yako